Maktaba zimeungana kwa ajili ya wataalamu, mwananchi wa Tarakea bado anasubiri

Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kuingia nchini humo, kwa maelezo kwamba vipimo vilibaini sumukuvu iliyozidi kiwango kinachokubalika kwa usalama wa mlaji. Siku chache baadaye, zuio hilo liliondolewa kwa masharti. Mwingizaji alitakiwa awe amesajiliwa, na kila shehena iwe na cheti kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni.

Kwa mji wa mpakani kama Tarakea, wilayani Rombo, ambako nafaka huvuka kuelekea Loitokitok, tamko hilo lilikuwa zaidi ya habari ya biashara. Liliibua maswali ya afya kwa mkulima, dalali na mama anayepika uji wa watoto. Sumukuvu ni nini? Inaingiaje kwenye mahindi? Je, kuyapika kunaiondoa?

Majibu ya maswali hayo yapo, tena ya siku nyingi. Sumukuvu hutokana na fangasi wanaoota kwenye nafaka na karanga, hasa zinapohifadhiwa zikiwa na unyevu. Haionekani kwa macho wala haina harufu ya kumwonya mlaji, na moto wa jikoni hauimalizi. Huharibu ini, na anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi huwa katika hatari ya kupata saratani ya ini. Wanasayansi waliigundua baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960.

Pamoja na elimu hiyo kuwapo, mwaka 2004 mlipuko wa sumukuvu mashariki mwa Kenya uliwapata watu 317 na kuua 125. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Elimu ilikuwa imekaa kwenye majarida ya kitaaluma, huku mahindi yakiwa yamekaa kwenye maghala ya watu ambao hawajawahi kuyaona majarida hayo.

Hapa ndipo linapoingia suala la maktaba, na ni haki kuanza na mafanikio. Januari 2002, Shirika la Afya Duniani (WHO) likishirikiana na wachapishaji wakubwa lilizindua mpango wa Hinari, unaoziwezesha taasisi za nchi maskini kusoma majarida ya tiba kwa njia ya intaneti bure au kwa bei ndogo. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo taasisi zake huingia bila malipo. Maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini nazo ziliunda umoja wao, COTUL, ili zijadiliane kwa pamoja na wachapishaji kuhusu majarida ambayo hakuna chuo kimoja ambacho kingeweza kuyalipia peke yake.

Matunda ya ushirikiano huo yanaonekana. Daktari mwanafunzi wa Muhimbili au wa KCMC mjini Moshi anaweza kusoma makala ya utafiti iliyotoka wiki hii, ambayo mwalimu wake wa miaka ya 1980 angeisubiri kwa miezi kadhaa ije kwa meli.

Hata hivyo, mpango huo ulijengwa kwa ajili ya taasisi. Anayesajiliwa ni chuo, hospitali au wizara, na neno la siri hutunzwa na mkutubi kwa matumizi ya watumishi na wanafunzi. Hata pale masharti yanapomruhusu mgeni kusoma akiwa ndani ya maktaba, mkazi wa Tarakea anapaswa kwanza kuteremka hadi Moshi kupitia Mkuu, Mwika na Himo. Akifika, atakuta makala iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu.

Kikwazo cha lugha hakiondolewi na tovuti zilizo wazi kwa wote. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilifungua hazina yake ya PubMed kwa umma mwaka 1997, na mwaka uliofuata ikaanzisha MedlinePlus kwa ajili ya wasomaji wa kawaida. MedlinePlus ina sehemu ya Kiswahili, jambo la kupongezwa. Lakini maelezo yake mengi yaliandaliwa kwa kuwafikiria wakimbizi na wahamiaji wanaoishi Marekani. Mama wa Rombo anayetaka kujua namna ya kukausha na kuhifadhi mahindi yake si msomaji aliyekusudiwa.

Panapokosekana taarifa sahihi iliyo rahisi kufikiwa, pengo halibaki wazi. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwamo kutoka Moshi na nchi jirani ya Kenya, walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa Sh500. Iliaminika kwamba kikombe hicho kinatibu UKIMWI, kisukari, saratani na pumu. Wapo waliofia njiani au kwenye foleni, na wataalamu wa afya walionya kuhusu wagonjwa walioacha dawa za hospitali.

Mwaka 2020 hali ikajirudia kwa sura nyingine. Takwimu za taifa za ugonjwa wa Covid-19 zilikoma kutolewa mwishoni mwa Aprili mwaka huo, na hazikurejea hadi katikati ya mwaka 2021. Katika kipindi hicho, simu za mkononi zilijaa ujumbe wa kila aina kuhusu kujifukiza, malimau na tangawizi. Ujumbe huo ulikuwa bure, mfupi na kwa Kiswahili, sifa tatu ambazo taarifa za maktaba hazikuwa nazo.

Nchi jirani zimekwishaonyesha kwamba pengo hilo linaweza kupunguzwa. Nchini Uganda, Maktaba ya Tiba ya Albert Cook ya Chuo Kikuu cha Makerere ilianza katika miaka ya 1990 kuchambua majarida na kutoa muhtasari uliochapishwa kwa ajili ya wahudumu wa afya walio mbali na mji. Nchini Kenya, katika miaka ya mwanzo ya 2010, Huduma ya Maktaba za Taifa ilifungua sehemu maalumu za taarifa za afya katika baadhi ya maktaba zake za umma magharibi mwa nchi, kwa msaada wa shirika la EIFL. Katika mfano wa kwanza maktaba ya tiba ilifupisha elimu. Katika wa pili maktaba ya umma ilimpokea mwananchi.

Tanzania ina pande zote mbili, ila hazijafungwa pamoja. Bodi ya Huduma za Maktaba, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1975, inaendesha Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, pamoja na maktaba za mikoa, ikiwamo ya Moshi. Katika mji huo huo ipo KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye chuo cha tiba na maktaba yake. Upande mmoja una wataalamu wa kupima ukweli wa taarifa. Upande wa pili una mlango ulio wazi kwa kila mtu na mtandao unaofika mikoani.

Kinachotakiwa hakihitaji majengo mapya. Maktaba za tiba zingeandaa maelezo mafupi ya Kiswahili kuhusu maradhi na hatari zinazowagusa watu wa eneo husika, yakiwa na tarehe, chanzo na jina la taasisi iliyoyathibitisha. Maktaba za umma zingeyaweka kwenye tovuti moja nyepesi inayofunguka kwenye simu ya bei ndogo, na kuyachapisha kwa ajili ya zahanati, shule na masoko. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012 kwa kutuma ujumbe mfupi wa bure kwa wajawazito na wazazi, ilithibitisha kwamba simu inaweza kubeba elimu ya afya kwa Kiswahili chepesi.

Wapo watakaosema mkutubi si daktari. Ni kweli, na mipaka hiyo lazima ilindwe. Kazi ya mkutubi ni kumwonyesha msomaji chanzo kinachoaminika na kumweleza kwa nini kinaaminika. Kupima na kutibu hubaki kwa mganga. Tofauti hiyo ndiyo inayoitenga maktaba na muuza dawa wa mtandaoni, ambaye hutaja ugonjwa na tiba yake kwa pumzi moja bila kumwona mgonjwa.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha. Mingi ya mipango hii imetegemea wafadhili, na msaada wa nje una mwisho wake. Mwishoni mwa Januari 2025, kurasa kadhaa za taarifa za afya ziliondolewa kwenye tovuti ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kwa amri ya kisiasa, hadi mahakama ilipoagiza zirejeshwe mwezi uliofuata. Ikiwa hazina kubwa kiasi hicho inaweza kufungwa kwa siku moja, nchi inayoitegemea bila kuwa na nakala yake imeazima mwavuli wakati wa masika.

Kwa hiyo ushirikiano wa maktaba unahitaji fungu lake katika bajeti ya serikali, hata likiwa dogo, na makubaliano ya maandishi kati ya Bodi ya Huduma za Maktaba, vyuo vya tiba na Wizara ya Afya kuhusu nani anaandika, nani anathibitisha na nani anasambaza. Mafanikio yake yasipimwe kwa idadi ya majarida yaliyofunguliwa vyuoni. Yapimwe kwa mfanyabiashara wa mahindi wa Tarakea, kama anaweza kufungua simu yake, kusoma kwa Kiswahili kuhusu sumukuvu, na kujua gunia lipi lisiuzwe wala kupelekwa nyumbani.