Haki ya Kusahihisha Masafa

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba kumbukumbu za mazoezi katika programu za simu zisiguswe kamwe, kwa kuwa kila marekebisho ni mlango wa udanganyifu, amekifanya chombo kuwa shahidi asiyekosea, ilhali saa ya mkononi hukadiria tu mahali alipo mkimbiaji kwa ishara za setilaiti, nazo ishara hizo, zikigonga majengo marefu, hufika zimechelewa na kupotoka. Waulizwe wanaokimbia marathoni ya Chicago: njia imepimwa rasmi kilomita 42.195, walakini baina ya maghorofa ya katikati ya mji mstari wa ramani hupenya kuta, na saa huhesabu masafa ambayo miguu haikuyakanyaga. Je, kuiacha hesabu hiyo ndiyo amana?

Zito zaidi ni haki ya wengine. Mtu amemaliza kukimbia, akasahau kuisimamisha saa, akapanda gari kurudi nyumbani. Strava, programu ya kurekodi mazoezi, isipong'amua, yaweza kumpandisha kileleni mwa orodha ya wenye kasi katika kipande cha barabara ambacho mwenzake alikishinda kwa jasho. Dawa imo ndani ya programu yenyewe: aukate mkia wa safari ile, na kama ni baiskeli iliyoandikwa mbio, aibadili aina ya zoezi. Afanyaye hivyo amewarejeshea watu haki yao. Naam, wapo wanaojipunguzia dakika ili waonekane hodari, na hao wakemewe waziwazi, lakini dhambi yao haiwi hoja ya kumnyima mkweli ruhusa ya kusahihisha.