PIKAPU YETU: TUANZE NA TAIRI

Ndugu wanachama, pikapu ya fowili imefika. Fedha iliyobaki ni kidogo, na vijana wanataka ngao na taa za juu. Hapana jamani! Bunda hadi Musoma ni lami. Taabu yetu ni kuiacha lami na kuingia mbugani wakati wa masika. Udongo ule mweusi huziba meno ya tairi za lami, gari likateleza kama lipo juu ya sabuni. Mwaka jana gari la kukodi lilikwama, tukambeba mama mjamzito kwa machela.

Kwanza tairi za kashata, ingawa lami huzila upesi. Halafu waya wa kuvutia, sepetu, jeki na ubao wake, maana jeki bila ubao huzama. Taa zingoje pamba iuzwe. Mwenye neno aje mkutanoni Jumamosi, asinong'one kilabuni.