Beta alisingiziwa

Mwanangu ana miaka 9 na moyo wa huruma kupita kiasi. Wiki iliyopita alirudi na samaki wawili wa falaji ndani ya chupa, akawatia kwenye tangi la beta wetu. "Mama, amechoka kukaa peke yake." Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikaenda kulala.

Niliamshwa saa nane mchana na kilio. Mmoja amekufa, wa pili yuko juu ya maji anatweta, na beta keshapewa jina la muuaji.

Lakini maiti haikuwa na jeraha. Beta akishambulia utaona mapezi yamechanika na magamba yametoka. Kipimajoto kilisoma nyuzi 32, kwa sababu asubuhi tulizima kiyoyozi tukiogopa bili, na pampu ya hewa hatuna. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo. Beta hilo halimsumbui sana: ana kiungo kichwani cha kuvutia hewa kutoka juu ya maji, na asili yake ni madimbwi na mashamba ya mpunga ya Thailand. Samaki wetu wa falaji na mabondeni, aina ya Garra, hana kiungo hicho, na kazoea maji yanayotembea.

Jirani yetu, bibi aliyekulia Unguja, alipita akatazama. "Mrudishe falajini, mwanangu, huyu atakufa."

Nikamwambia, "Shikamoo bibi, sitaweza." Ameshakunywa maji ya samaki wa dukani, na ugonjwa wa dukani ukiingia falajini hakuna wa kuutoa. Bibi aliguna, lakini alituletea ndoo pana.

Kwa hiyo wenye beta, msimwonee huruma ya upweke. Dume huyu hulinda eneo lake, na dume mwenzake watapigana mpaka mmoja aumie vibaya. Gapi wenye mikia mipana humtia hasira, maana huwaona kama beta wengine. Samaki wenye tabia ya kudonoa mapezi watamchakaza yeye. Wanaomfaa ni konokono, au kambare wadogo waitwao koridora, sita hivi kwa pamoja, kwenye tangi la lita 60 lenye mimea ya kujificha, maji yakiwa nyuzi 25 au 26. Hata hapo beta mmoja si sawa na mwingine. Wapo wasiovumilia mtu. Kabla ya kununua mgeni, wekeni tayari chombo cha pili cha kuwatenganisha. Mwanafunzi mwenye chumba kimoja na tangi dogo, mwache beta wako peke yake, anakula na kulala vizuri tu.

Wa falaji yuko ukumbini kwenye ndoo ya bibi, na pampu tuliyonunua jioni ileile. Mwanangu humbadilishia sehemu ya maji kila siku, yale yaliyoondolewa klorini. Jana kaniuliza kama beta amemsamehe.