MKATABA USIBAKI SANDUKUNI MWA TAJIRI

Zamani Waarabu wa Omani walifika Ujiji kwa njia ya Unguja wakitafuta mali. Leo wapo mabinti wa huku kwetu Mwandiga ambao, kama ndugu zao wa Visiwani, huelekea Muscat kutafuta kazi za nyumbani. Kazi ikikatika, hasara si mshahara peke yake. Chini ya utaratibu wa kafala, kibali cha kukaa hufungamana na jina la mwajiri. Atokaye kwa tajiri bila hati huweza kuandikiwa utoro, akawa mkosaji badala ya mdai.

Njia zipo, ijapokuwa nyembamba. Mwaka 2020 Qatar iliwaruhusu wafanyakazi, hata wa nyumbani, kuhama bila ridhaa ya mwajiri. Omani nayo iliondoa hati ya ridhaa kuanzia Januari 1, 2021, lakini ikataka uthibitisho kwamba mkataba umekwisha au umevunjwa. Uthibitisho huo anao nani? Mara nyingi ni yuleyule aliyeshika pasipoti.

Kwa hiyo twawataka maofisa, wa Bara na wa Visiwani, wasimruhusu mtu kuondoka kabla nakala ya mkataba haijabaki kwa wazazi wake, na nyingine haijafika ubalozi wetu Muscat. Naye aliyeachishwa apeleke habari ubalozini siku ileile, kabla tajiri hajawahi polisi.