Kosa la Mlango wa Kwanza

Imekuwa ada siku hizi, katika kumbi za visiwani na za mwambao, kwamba mshairi akimaliza kughani hulaumiwa yeye. Husemwa kwamba hakutamka vyema, kwamba sauti yake imekwaruza, kwamba vina havikusikika. Mpiga kanuni naye huambiwa kwamba ala yake imepitwa na wakati na haifui dafu mbele ya kinanda cha umeme. Aghalabu lawama hizo humwangukia asiyestahili. Mwenye kosa yuko nyuma ya ukumbi, ameketi mbele ya mtambo wenye taa nyekundu, na taa ile inawaka tangu mwanzo wa shughuli hadi mwisho wake. Ama haioni, ama anaiona na kuidhania pambo.

Mtambo wenyewe ni prosesa ya sauti ya dijitali, ambayo sasa imo ndani ya miksa, ndani ya spika na hata ndani ya kinasa cha mfukoni. Wimbi la umeme hutoka kwenye kipaza sauti likapimwa maelfu ya mara kwa kila sekunde, mara 44,100 kwa kisahani cha CD, na kila kipimo kikaandikwa kuwa nambari. Kabla ya kupimwa, wimbi hukuzwa, na kiasi cha kulikuza ndicho mafundi wakiitacho geini. Nambari hizo zina mwisho. Sifuri ya desibeli za dijitali ndiyo dari, na juu ya dari hapana kitu. Wimbi lililokuzwa kupita kiasi hukatwa kichwa likabaki bapa, na ule ubapa huzaa mikwaruzo ambayo mshairi hakuitoa kinywani mwake.

Wapo wanaojitetea kwa kusema kwamba prosesa ina kikomo cha kuzuia sauti isipite, basi itarekebisha yenyewe. Hoja hii huvutia masikioni, lakini haina miguu. Kikomo hicho, katika mitambo mingi, kimewekwa baada ya mlango wa kwanza, yaani baada ya wimbi kugeuzwa nambari. Lililokatwa mlangoni hukifikia likiwa limekwisha kukatwa. Fundi akipunguza sauti ya kutokea, anachopata ni mkwaruzo wa sauti ndogo badala ya mkwaruzo wa sauti kubwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndani ya mtambo hesabu zina nafasi tele, na makosa mengi ya ndani husahihishika. La mlangoni halisahihishiki.

Wapo pia, na hawa ni wakongwe wanaostahiki heshima, wasemao kwamba geini ikiwa chini sauti huzama katika mvumo. Mgala muue na haki yake mpe: katika zama za kaseti walisema kweli. Utepe ulikuwa na mvumo wake, na nafasi kati ya mvumo huo na sauti ya juu kabisa ilikuwa desibeli hamsini na kitu tu, kwa hiyo fundi hodari aliisukuma sauti juu. Tena utepe ulikuwa mpole, ukizidiwa ulilainisha wimbi kidogo kidogo. Dijitali haina upole huo. Ina ukuta. Lakini imetoa fidia kubwa, kwani kila biti moja huongeza takriban desibeli 6, na kinasa cha biti 16 kina nafasi ya kama desibeli 96. Mwenye kuacha desibeli 12 wazi juu ya sauti yake amepoteza biti mbili, akabakiwa na 84, ambazo bado zaipita kaseti kwa mbali. Mwenye biti 24 hana hata sababu ya kulihesabu pengo hilo. Hofu ya mvumo ni urithi wa chombo kilichokwisha kuondoka, na urithi huo sasa unaharibu kazi.

Hoja ya tatu ni ya soko: ati wasikilizaji wanataka sauti kubwa. Ukubwa wa sauti ukumbini ni kazi ya ampilifaya na spika, na nyumbani ni kazi ya mkono wa msikilizaji. Haupatikani kwa kuubomoa mlango wa kuingilia. Ulimwengu umekwisha kulijaribu jambo hili na kujuta. Mwaka 2008 kundi la Metallica la Marekani lilitoa albamu ya Death Magnetic, na mashabiki wake wenyewe wakalalamika kwamba sauti imebanwa na kukatwa hata haisikiliziki. Mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya ulitoa mwongozo wa R 128, unaopima sauti kwa wastani wa jinsi sikio linavyoisikia wala si kwa kilele chake. Leo huduma kubwa za muziki kwenye intaneti huishusha yenyewe rekodi iliyobanwa, ikalingana na nyingine. Aliyeikata sauti ili awe mkubwa kuliko wenzake huishia kulingana nao, ila yeye ana makovu.

Basi kwa nini jambo la mafundi lijadiliwe mbele ya wapenzi wa ushairi? Kwa sababu Kiswahili cha mwambao kina mambo ambayo maandishi hayayabebi, na sauti pekee ndiyo iyabebayo. Paa la nyumba na paa wa mwituni huandikwa sawasawa. Mzawa huwatofautisha kwa pumzi inayotoka pamoja na herufi ya kwanza ya jina la mnyama. Kaa la moto na kaa wa pwani ni vivyo hivyo. Pumzi hiyo ni mpasuko mfupi mno. Geini ikizidi, huwa kishindo. Kikomo kikiibana, hupotea. Na mjukuu atakayeisikia rekodi hiyo hatajua kama babu yake alitaja nyumba au mnyama. Kati ya ukwapi na utao, vilevile, pana kituo. Kinasa kilichoachwa kijipangie geini chenyewe huipandisha katika kituo hicho, feni ikavuma na kikohozi cha jirani kikasikika, kisha huishusha ghafla mshairi anaporudi, na silabi ya kwanza ya utao ikaliwa. Kanuni nayo hudhulumiwa: mguso wa uzi hupanda juu ya wastani wa sauti kwa desibeli 12 na zaidi, na ukikatwa mguso, ala hiyo haitambulikani tena.

Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, sauti ilichorwa juu ya nta. Mchoro uliozidi nguvu uliweza kuvamia mfereji wa jirani yake na kuiharibu santuri, kwa hiyo mafundi wa zama hizo walilazimika kumsikiliza mwimbaji kwanza ndipo wapange mtambo. Vyombo vyao vilikuwa duni. Adabu yao haikuwa duni.

Adabu hiyo si ngumu kuirejesha. Vipimo vyote na vishushwe kwanza. Mshairi aombwe aghani ubeti wake wenye nguvu kuliko yote, kwani mtu asemapo “halo, moja, mbili” hasemi kwa sauti atakayoghania. Geini ya kuingilia ipandishwe mpaka vilele vifike kama desibeli 12 chini ya dari, kisha isiguswe. Geini ya kujiendesha izimwe. Besi ikizidi ipunguzwe, na lililo hafifu lisikimbiliwe kuongezwa, kwani desibeli 6 za nyongeza huitaka ampilifaya nguvu mara nne, yenye wati 100 ikadaiwa 400. Mwisho ndipo ampilifaya ipangwe kwa kadiri ya ukumbi. Kazi yote hiyo haizidi robo saa.

Wenye kumbi hununua mitambo ya mamilioni wakamnyima mshairi robo saa ya majaribio. Wenye kuhifadhi kanda za wazee huzihamisha usiku mmoja, taa nyekundu ikiwaka, kisha kanda zenyewe hutupwa. Hilo la pili ndilo zito. Shughuli iliyoharibika jana yaweza kurudiwa kesho. Mzee aliyeghani mwaka 1975 na akafariki hatarudi kughani tena, na utepe wake hudhoofika kila mwaka. Anayeuhamisha kwa pupa amekuwa msikilizaji wake wa mwisho. Kabla kanda moja zaidi haijaguswa, aulizwe aishikaye: ile taa nyekundu, anaijua maana yake?