Mwenye Kovu Usidhani Amepoa

Msafiri atokaye Makambako akashika njia ya Njombe, kisha akaelekea Lupembe, huona nchi ya vilima na ukungu, mashamba ya chai, na misitu ya miti ya mbao. Akiuliza habari za nchi hiyo ataambiwa bei ya majani ya chai, hali ya barabara wakati wa mvua, na utamu wa ulanzi wa masika. Ni nadra sana atokee mtu wa kumwambia kwamba katika muda wa miaka kumi na moja tu, tangu 1905 hadi 1916, nchi hii ya Wabena ilipitiwa na vita viwili vikubwa, na kwamba katika vita vyote viwili Mwafrika alimlenga Mwafrika mwenzake.

Leo twataka kusema neno juu ya jambo hilo lisilosemwa. Hatusemi ili kuamsha chuki. Twasema kwa sababu tunaamini kwamba taifa lililokomaa ni lile linaloweza kusimulia hata yale yaliyoliaibisha, na kwa sababu wale wawezao kuyasimulia wanapungua kila mwaka.

Kila mtoto wa shule katika Tanzania amesoma habari za Vita vya Maji Maji. Anajua kwamba vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipochoka kulimishwa pamba ya Mjerumani kwa kiboko. Anajua jina la Kinjikitile wa Ngarambe, aliyenyongwa Agosti ya mwaka huo huo, na habari za maji yaliyosemekana kugeuza risasi. Anajua kwamba Februari 27, 1906 mashujaa wa Kingoni walinyongwa kule Songea. Anajua pia kwamba watawala wa Kijerumani, walipoona kuwa bunduki peke yake haimalizi kazi, walichoma vijiji, wakateketeza mashamba na kuchukua chakula, hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000. Wanahistoria wetu wamekadiria kwamba waliokufa walifika robo milioni, na pengine laki tatu.

Hayo yote ni kweli, na ni haki yafundishwe. Lakini si kweli yote. Katika somo hilo tumezoea kuwaweka watu katika safu mbili tu, upande huu Mjerumani na upande ule Mwafrika. Mambo ya Ubena hayakuwa mepesi hivyo.

Mnamo Septemba 1905, watu wa Mtwa Mbeyela, wakiwa pamoja na Wangoni, waliishambulia misheni ya Yakobi, si mbali na mahali ulipo mji wa Njombe hivi leo. Ndani ya misheni alikuwamo mmisionari wa Kijerumani aitwaye Gröschel. Lakini hakuwa peke yake. Pamoja naye walikuwamo Wabena, wengine waliokwisha kuifuata dini mpya, na wengine waliokimbilia hapo kutafuta usalama. Waliokuja na maji walikuwa Wabena, na waliowapinga walikuwamo Wabena. Mashambulio yale yalishindwa, na risasi hazikugeuka maji. Tena wazee wa Yakobi, walipoulizwa miaka mingi baadaye na watafiti, hawakupenda kuviita vita hivyo Vita vya Maji Maji. Waliviita Vita vya Korosani, ndiyo namna ndimi zao zilivyolitamka jina la Gröschel. Katika kumbukumbu yao vita vile vilikuwa vyao, vya majirani na watawala wao, vya ugomvi uliokuwapo kabla ya maji kufika. Na si Ubena peke yake. Wahehe na Wasangu wengi walikuwa upande wa serikali ya Kijerumani, na kule Mahenge Mtwa Kiwanga naye alisimama na Mjerumani.

Kabla majeraha hayo hayajakauka, vilikuja Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Novemba 1916, majeshi ya Jenerali Wahle, yaliyokuwa yakirudi nyuma kutoka Tabora, yaliishambulia kambi ya Waingereza iliyokuwa hapo hapo Lupembe. Maofisa wa pande zote mbili walikuwa Wazungu. Lakini askari waliokufa, wapagazi waliodondoka njiani na mizigo kichwani, na wanakijiji walionyang'anywa mahindi na ng'ombe kulisha majeshi mawili, walikuwa ni watu wetu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na zaidi ya hapo, safari hii tembo walizilazimisha nyasi zenyewe zipigane.

Sasa tuulize swali ambalo vitabu vyetu havijauliza vya kutosha. Siku ile vita vilipokwisha, kulikuwaje? Mjerumani alikwenda zake, na baadaye Mwingereza naye akaja akaenda zake. Waliobaki ni watu wa kijiji. Aliyekuwa ndani ya misheni na aliyekuwa nje walirudi kuchota maji katika kijito kimoja. Aliyefichua ghala ya jirani yake kwa askari, akihofia roho yake, na yule ambaye watoto wake walikufa kwa ajili ya ghala hiyo, walikutana njiani asubuhi wakasalimiana “Kamwene,” kwa sababu adabu inataka hivyo. Walisalimiana kwa mdomo. Na moyoni je?

Hapo ndipo tunapowageukia waandishi wa hadithi. Historia hutafuta hati, tarehe na majina, na mahali pasipo na hati historia hunyamaza. Lakini mambo makubwa ya baada ya vita hayakuandikiwa hati. Hapana karani aliyeandika kwa nini bibi mmoja hakukubali mjukuu wake aposwe na nyumba fulani, wala kwa nini mzee fulani hakula kamwe katika arusi za upande wa pili wa mto. Mambo hayo hukaa katika ukimya, na chombo kiwezacho kuingia ndani ya ukimya bila kumvunjia mtu heshima ni hadithi ya kubuni.

Tuchukue mfano, nao ni wa kubuni kabisa. Kijana na binti wa vijiji viwili wanapendana. Wazazi hawana neno. Lakini babu wa binti, mtu mpole ambaye hajapata kumgombeza mtu, anasema hapana, wala haelezi sababu. Kijana anauliza kwao, naye anaambiwa, “Mambo ya zamani, mwanangu, yaache.” Anaposhikilia, shangazi yake anamwambia usiku mmoja kwamba baba wa babu yake ndiye aliyewaongoza askari hadi kwenye pango walimojificha watu wa nyumba ile, na kwamba alifanya hivyo kwa sababu mkewe na wanawe walikuwa wamekamatwa. Je, mtu yule alikuwa msaliti, au baba wa watoto? Na kijana aliyezaliwa karibu miaka mia baadaye alipe deni gani, na amlipe nani? Msomaji akifunga kitabu chenye swali kama hilo, atatazama kijiji chake kwa jicho jingine. Somo la darasani lenye tarehe kumi halitafanya kazi hiyo.

Hatusemi kwamba hapajafanywa kitu. Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini ulitolewa kitabu 1957. Ndugu Ebrahim Hussein aliandika tamthilia yake, Kinjeketile, iliyotoka 1969, nayo imesomwa na kuchezwa mashuleni kwa miaka mingi. Mwandishi mzaliwa wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel 2021, alitoa mwaka mmoja kabla ya hapo riwaya iitwayo Afterlives, yenye habari za askari wa Mjerumani na maisha yao baada ya vita. Kazi hizi ni fahari yetu. Lakini Kinjeketile ni habari ya kiongozi na ya vita vyenyewe, na riwaya ya Gurnah, iliyoandikwa kwa Kiingereza, yatazama zaidi mji wa pwani. Nyanda za juu, zenye baridi na ukungu, ambako vita viliingia hata ndani ya nyumba, bado zinamngoja mwandishi wake.

Wako watu watakaosema, “Kwa nini kufukua makaburi? Wabena wa leo ni kitu kimoja, Watanzania ni kitu kimoja. Mkianza kusema nani alikuwa upande gani, mtauvunja umoja tulioujenga kwa taabu.” Sisi tunaiheshimu hofu hiyo, maana umoja wetu ni mali ambayo majirani wengi wanatuonea gere. Lakini tunaijibu hivi. Umoja unaosimama kwa sababu watu wamesahau ni kama nyumba iliyojengwa juu ya shimo lililofunikwa kwa majani. Umoja ulio imara ni ule wa watu wajuao kwamba babu zao walitengana, wakajua na sababu zilizowatenganisha, kisha wakachagua kukaa pamoja. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mwenye kovu usidhani amepoa.

Tutazame nje kidogo. Nigeria ilipigana wenyewe kwa wenyewe tangu 1967 hadi 1970, vita vya Biafra, ambavyo Tanzania yenyewe iliingia katika habari zake ilipokuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968. Vita vilipokwisha, neno lililotangazwa lilikuwa kwamba hapana mshindi wala mshindwa. Neno zuri. Hata hivyo jeraha halikufunikwa na tangazo. Mwanamke aliyezaliwa 1977, miaka saba baada ya vita, Chimamanda Ngozi Adichie, ndiye aliyeandika Half of a Yellow Sun, iliyotoka 2006, na vijana wa nchi yake waliozaliwa baada ya bunduki kunyamaza wakapata kuyajua yaliyowapata wazazi wao. Nigeria haikuvunjika kwa sababu ya riwaya.

Nasi tunalo la kujiuliza hapa nyumbani. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yale ambayo nchi yake iliwatenda mababu zetu. Alifanya vema, ingawa alichelewa zaidi ya miaka mia. Lakini Mjerumani aweza kuomba radhi kwa sehemu yake tu. Hawezi kuomba kwa niaba ya jirani aliyemfichua jirani, wala kwa niaba ya Mbena aliyemchoma mkuki Mbena. Sehemu hiyo ni yetu, na haitaletwa na mgeni yeyote kwa ndege.

Basi, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wa shule za Lupembe, Njombe na Makambako wawatume wanafunzi wao kwa wazee wa vijiji wakaandike wanayoyasikia, kwa Kiswahili na kwa Kibena, pamoja na majina ya vijito, mapango na mahame. Kazi ya namna hii ilifanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968, vijana wake walipokwenda vijijini kukusanya habari za Maji Maji kutoka kwa watu walioviona vita kwa macho yao. Watu wale hawapo tena. Mzee wa miaka themanini hivi leo alizaliwa karibu na 1945, naye aliyasikia kwa babu yake, aliyekuwa mtoto moto ulipowaka. Yeye ndiye kiungo cha mwisho. Akiondoka, hapatakuwa na wa kuulizwa.

Pili, waandishi wetu vijana wazichukue habari hizo wazifanye hadithi. Hapo zamani waliweza kulalamika kwamba mwandishi wa Kiswahili hana wa kumtia moyo. Sasa ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza 2023. Watuletee nyumba moja ya Lupembe, na mambo ambayo nyumba hiyo haisemi, badala ya kutuletea kila siku mapenzi ya mjini na vituko vya matajiri. Lakini waandike kwa staha. Wasitaje koo za watu walio hai, wala wasigeuze aibu ya marehemu kuwa mzaha wa walio hai.

Tatu, na hili ni la kila msomaji, tusiwafunge vinywa wazee wetu kwa kuwaambia kwamba mambo ya zamani yamekwisha. Jioni moja, wakati mvua inanyesha na moto unawaka, mkae chini muulize. Pengine mzee atanyamaza. Basi na ukimya huo mwuheshimu, maana nao ni jibu. Lakini pengine atasema, na yatakayotoka yatakuwa mazito.

Yasikilizeni yote, hata yale yanayoiumiza nyumba yenu. Babu zetu walibeba mzigo huo kimya wakaendelea kulima, kuozana na kuzikana. Walifanya hivyo ili tupate kuishi. Sasa tunaishi, hatuna njaa ya vita, wala hapana askari mlangoni. Ni zamu yetu kuwatua mzigo, na hatuwezi kuwatua mzigo tusioujua.