RANGI YA OFISI NA MANENO YA BARAZANI

Hakuna kazi ya Serikali inayozaa maneno upesi katika mji wetu kama kuipaka rangi ofisi kongwe. Barabara yaweza kuchimbwa miezi mitatu, watu wakapita kando na kanzu zao mkononi; bomba la maji laweza kuzikwa, likafukuliwa na kuzikwa tena bila ya mtu kuuliza. Lakini mafundi wakishafunga jukwaa kwenye ukuta wa ofisi na ndoo ya kwanza ikapanda juu, hapo kila mtu huwa na rai yake. Hali hiyo tunaishuhudia zaidi inapokaribia tarehe 12 Januari, wakati majengo ya umma yanapopambwa, Unguja na Pemba, kwa ajili ya sherehe za Mapinduzi.

Yanayosemwa si ya namna moja. Wako wanaofurahi, na wana haki, kwani ofisi chafu ni dharau kwa mwananchi aliyetoka Makunduchi au Micheweni kuja kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Wako wanaohesabu fedha, wakauliza ndoo zote hizo ni za nini ilhali ndani mafaili yamefunikwa nailoni kwa kuogopa matone. Wako wazee ambao hawana ugomvi na fedha. Ugomvi wao ni rangi yenyewe, kuwa ukuta walioujua mweupe tangu utotoni leo umegeuzwa manjano ya embe. Na wako, tusifiche, wanaotafuta katika kila mstari wa kijani au wa zambarau dalili ya chama fulani. Kwa hili la mwisho, sisi tulio katika Chama tuna la kusema waziwazi. Maskani ipakwe rangi ya wenyewe, hiyo ni haki yao. Ofisi ya umma ni ya aliyetupa kura na aliyetunyima, na mkuu wa ofisi anayedhani atatufurahisha kwa kuipaka rangi ya bendera yetu anatupunguzia heshima.

Baadhi ya maofisa huyahesabu maneno haya kuwa ni fitina za watu wasio na kazi. Hatukubaliani nao. Mwananchi wa kawaida hakai katika vikao vya bajeti wala haoni vitabu vya hesabu. Ukuta wa nje anauona kila siku, na kwa huo hupima kama fedha ya umma imetumika kwa akili. Ananung'unika kwa haki. Tatizo ni kwamba aghlabu hunung'unikia rangi ilivyo, na jambo kubwa zaidi, yaani rangi imetengenezwa kwa kitu gani na imepakwa wakati gani, likapita bila ya kuulizwa na yeye wala na ofisa.

Kuta za Mji Mkongwe hazikujengwa kwa saruji. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo, yakapigwa lipu ya chokaa, na unene wake mara nyingi ni nusu mita au zaidi. Ukuta wa namna hii hunywa maji. Hunywa ya mvua, hunywa ya ardhini, na karibu na bahari huyanywa pamoja na chumvi yake. Wazee wetu waliijua tabia hiyo, wala hawakujaribu kuupiga marufuku ukuta usinywe. Waliuachia njia ya kuyatoa. Chokaa iliyopakwa juu yake ina vinyweleo, na jua likipiga unyevu hutoka. Rangi za madukani zenye plastiki, na zaidi rangi ya mafuta, hufanya ngozi. Maji yaliyoingia kwa ufa au kwa paa hayapati pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya ngozi hiyo, lipu huvimba, na baada ya misimu miwili mitatu ya masika huanguka vipande vipande. Kisha hufanyika kosa la pili: pengo huzibwa kwa saruji, iliyo ngumu kuliko jiwe lenyewe, na maji husukumwa ndani zaidi hadi kwenye ncha za boriti. Boriti ya mkandaa ikishaoza kichwa, hakuna rangi itakayoishikilia dari.

Wenye ofisi za matofali ya kuchoma, kama zinavyoonekana Bara, wasidhani haya ni ya visiwani peke yake. Tofali lililokusudiwa kuachwa wazi, likishapakwa rangi mara moja, litadai rangi umri wake wote, kwani kuikwangua ni kulichuna tofali ngozi yake ngumu ya nje. Na likizibwa kwa rangi isiyopumua, nalo huoza kwa ndani.

Tuje kwenye wakati. Vuli hunyesha kuanzia Oktoba hadi Disemba. Ofisi inayotaka kupendeza tarehe 12 Januari hupakwa Disemba, yaani ukuta ukiwa umeshiba maji ya msimu mzima. Tunaufunga mlango mgeni akiwa ndani, kisha tunashangaa kwa nini ifikapo Juni ukuta umejaa malengelenge. Kipindi kinachofaa ni baada ya masika, tangu Julai hadi Septemba, ukuta umekauka na jua bado si kali kiasi cha kuikausha chokaa kabla haijashika. Mwaka wetu wa fedha nao huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kalenda ya mvua na kalenda ya fedha hazigombani hata kidogo. Kinachogombana nazo ni tamaa ya kuonekana siku ya sherehe. Wala hatusemi sherehe zisipambwe. Bendera, vitambaa na taa vipo kwa kazi hiyo, na havizibi kuta.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu tumekwisha kulipa. Beit al Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, na kuanzia 1911 ikawa ofisi kuu ya utawala wa kikoloni, ilikuwa nyeupe na maarufu duniani kote. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012. Tarehe 25 Disemba 2020, ikiwa katika matengenezo, upande mzima wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Haikuanguka kwa kukosa rangi. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakisema juu ya paa linalovuja na maji yanayoingia, na sisi sote, viongozi na raia, tulikuwa tukipita Forodhani tukiusifu uso wake.

Tunajua jibu litakalotolewa. Chokaa ni ghali, ni ya kungojea, na mafundi wake wamezeeka. Ni kweli. Chokaa ya matumbawe huchomwa katika tanuu kwa magogo mengi, na visiwa vyetu havina miti ya kuchezea. Haifai kuitumia kwa kila banda linalojengwa leo. Hiyo ndiyo sababu ya kuiwekea akiba pale tu isipo na badala, yaani katika kuta za zamani. Nayo rangi ya plastiki, ambayo bei yake ni nafuu dukani, inapobidi kukwanguliwa na lipu kupigwa upya kila baada ya miaka michache, sijui ni mhasibu gani atakayeiita rahisi. Kuhusu mafundi, mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa tangu 1985, na mji wenyewe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Muda huo ulitosha kwa kijana kuanza kupondea mzee chokaa na kuishia fundi mkuu. Kila ofisi ya kale inayotengenezwa na ipewe vijana wawili watatu wa kujifunza kazini, walipwe, na gharama yao iandikwe ndani ya mkataba.

Kabla ya ndoo ya rangi kuagizwa, apande mtu juu kuangalia paa, milizamu na mifereji, atie sahihi kuwa havivuji. Ukuta upimwe unyevu. Kisha ule ubao unaotundikwa nje ya kazi za umma, wenye jina la mkandarasi na kiasi cha fedha, uongezwe mistari miwili: rangi inayotumika ni ya aina gani, na paa lilikaguliwa tarehe ngapi. Hapo wananchi wakikaa barazani watakuwa na la kuuliza, na ofisa atakuwa na la kujibu.